Kwa Nini Soko Huria Halifi?

Mwaka 2008 benki kubwa ya Marekani, Lehman Brothers, ilifilisika, na uchumi wa dunia ukayumba. Mwaka 2011 watu walipiga kambi karibu na Wall Street, New York, kulalamika. Wengi walidhani kwamba soko huria, yaani watu kupatana bei wenyewe bila Serikali kuipanga, limefikia mwisho wake. Lakini lingali lipo. Sababu yake nitaieleza kwa kahawa yetu ya Bukoba na Muleba, kwa maana jambo hili sisi tumekwisha kuliona nyumbani.

Zamani mkulima aliuza kahawa kwa ushirika au shirika la umma, kwa bei iliyopangwa. Julai 1989 mapatano ya dunia yaliyoigawia kila nchi kiasi cha kahawa ya kuuza yalivunjika, na bei ikashuka. Tangu msimu wa 1994/95 wafanyabiashara binafsi waliruhusiwa kununua vijijini. Kufikia mwaka 2001 bei ya dunia ilikuwa imeanguka vibaya, na wakulima wakanung'unika sana. Mwaka 2018 Serikali iliagiza kahawa iuzwe tena kwa njia ya vyama vya ushirika, na baadaye minada ikaanzishwa.

Je, biashara ile ya kupatana wawili wawili ilikoma? Hasha! Imejificha katika magendo ya kwenda Uganda, na katika butura, yaani kuuza kahawa ingali maua mtini.

Nilipochaguliwa kuingia Kidato cha Kwanza, ilinipasa kupata godoro, sanduku na sare mwezi wa Januari. Kahawa yetu haivunwi mpaka katikati ya mwaka. Baba alikwenda usiku kwa mtu mwenye fedha, wakapatana. Wakati wa mavuno mtu yule alikuja na magunia yake, akachukua kahawa ambayo chamani ingalileta karibu mara mbili ya fedha zile. Simlaumu Baba, maana godoro lile ndilo ninalolalia hata leo.

Kwa hiyo naona kuwa amri na malalamiko peke yake havitoshi, kwa sababu shida ya Januari haingoji mavuno. Kama chama cha msingi kingemkopesha mkulima kidogo mwezi huo, naye akalipa kwa kahawa yake, mwenye butura angekosa wa kupatana naye. Likizo ijayo nitamwomba Baba alitaje jambo hili katika mkutano wa chama. Nanyi wenzangu, waombeni wazazi wenu vivyo hivyo.