Hisabati ilivyookoa michoro ya Mantegna iliyosagwa na mabomu

Tarehe 11 Machi 1944, ndege za kivita za Washirika zilishambulia Padua, mji wa kaskazini mwa Italia wenye kituo muhimu cha reli. Baadhi ya mabomu yaliangukia Kanisa la Eremitani na kuiporomosha Kapela ya Ovetari, ambayo kuta zake zilipambwa na Andrea Mantegna na wenzake katikati ya karne ya 15. Kapela ya Scrovegni, yenye michoro mashuhuri ya Giotto, iko jirani kabisa na hapo, nayo ilinusurika.

Mantegna alipewa kazi hiyo mwaka 1448, akiwa kijana wa miaka 17 hivi, na ilikamilika mwaka 1457. Alisimulia maisha ya Mtakatifu Yakobo na Mtakatifu Kristofa kwa namna iliyowashangaza watu wa zama zake: majengo yanayorudi nyuma kwa vipimo sahihi, askari waliovaa kama Warumi wa kale, miili inayoonekana kuwa na uzito. Imperatrice Ovetari, mjane wa tajiri aliyeacha fedha za kazi hiyo, alimshtaki kwa sababu katika tukio la Bikira Maria kupalizwa mbinguni alichora mitume 8 badala ya 12. Mchoro huo, pamoja na matukio mawili ya mwisho wa Kristofa, ulikuwa umebanduliwa ukutani kabla ya vita ili kuuepusha na unyevu, na ndiyo maana upo hadi leo.

Sehemu kubwa iliyobaki iligeuka kifusi.

Watu wa Padua hawakukizoa kifusi hicho kukitupa. Walikichambua, wakatia vipande vya lipu yenye rangi katika masanduku, na warekebishaji wakajaribu kuviunganisha kwa macho na mikono. Walifanikiwa kwa sehemu ndogo tu. Vipande vilikuwa takribani 88,000, vingi vikiwa na upana wa sentimita chache. Vikipangwa vyote pamoja vinatosha meta za mraba 77 tu, ilhali kuta zilizochorwa zilikuwa na mamia ya meta za mraba. Tena kingo zake zililika, hivyo kimoja hakishikani na jirani yake.

Kuanzia mwaka 1992 vipande hivyo vilisafishwa na kupigwa picha kimoja kimoja. Mwanafizikia Domenico Toniolo wa Chuo Kikuu cha Padua aliongoza juhudi za kuvitafutia mahali kwa kompyuta, na mwanahisabati kijana, Massimo Fornasier, akabuni njia ya kukokotoa. Ramani yao ilikuwa picha za zamani za kapela, zilizopigwa kabla ya vita, zote za nyeusi na nyeupe.

Ugumu uko hapa. Tuseme umeshika kipande chenye mstari mmoja mweusi na doa la kijani. Hujui kilitoka ukuta upi, wala juu kilikuwa upande gani. Kukijaribu kila mahali, kwa kila pembe, kisha kurudia zoezi hilo kwa maelfu ya vipande, ni kazi iliyozielemea hata kompyuta za wakati huo. Fornasier alitumia hesabu inayoichambua picha kuwa mawimbi yanayozunguka kitovu chake. Kipande kikigeuzwa, nguvu ya kila wimbi haibadiliki. Kinachosogea ni mahali linapoanzia. Kwa hiyo ulinganisho mmoja na picha ya zamani hutoa majibu mawili kwa pamoja: kipande kinafanana na sehemu ipi, na kimegeuzwa kwa nyuzi ngapi. Programu ilipendekeza mahali panapoelekea kufaa, kisha jicho la mtaalamu likathibitisha au kukataa.

Baadaye Fornasier aligeukia swali la rangi. Katika mchoro wa fresko, rangi hupakwa lipu ya chokaa ikiwa bado mbichi. Chokaa inapokauka huishika rangi ndani yake, ndiyo sababu hata kipande kidogo hubaki na rangi yake. Kila kipande kilichopata mahali pake kikawa ushahidi: hapa weusi wa kiwango hiki kwenye picha ulikuwa wekundu wa aina hii. Kutokana na ushahidi huo, milinganyo yake hukadiria rangi ya sehemu zilizo tupu. Makadirio hayo hubaki kwenye kompyuta, kwa kuwa hakuna mwenye haki ya kuyaita mkono wa Mantegna.

Mwaka 2006, miaka 500 tangu msanii huyo afariki, vipande vilivyotambuliwa vilianza kuonekana tena katika kapela. Vimebandikwa juu ya picha ya zamani iliyokuzwa, hivyo mtazamaji huona madoa ya rangi halisi yakielea katika kijivu. Aliye na jicho la kawaida hutenganisha mara moja kilichosalia na kilichopotea, na uaminifu huo ndio unaoipa kazi hii heshima yake.

Sasa watafiti wanalikabili fumbo gumu zaidi kusini mwa Italia. Mradi wa RePAIR, ulioanza mwaka 2021 kwa fedha za Umoja wa Ulaya chini ya uratibu wa Chuo Kikuu cha Ca' Foscari cha Venice, umeunda roboti ya kuunganisha vipande vya michoro ya Pompeii. Pale pasipo picha ya zamani ya kulinganisha, kompyuta inalazimika kutegemea umbo la kingo, unene wa lipu na mwelekeo wa mistari.