Gari Likinasa kwenye Tope, Tusiwe Makocha wa Dereva

Safari za kwenda shule za vijijini zimeiva, na mvua bado zinanyesha. Kwenye Noah ya kukodi, likitokea tope tu nusu ya abiria wanageuka makocha: "Kanyaga, kanyaga!" Ushauri huo ndio unaolaza watu njiani.

Tuanze na sababu. Gari linasonga kwa kuwa tairi inaishika ardhi. Udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule wa Shinyanga na Simiyu, ukilowa unajaa kwenye meno ya tairi mpaka hata tairi mpya inakuwa kama kipara. Hapo ukikanyaga mafuta zaidi, inazunguka palepale na kujichimbia shimo. Ukishika breki ghafla, tairi zinagoma kuzunguka na gari linateleza lenyewe.

Kwa hiyo dereva makini anaingia kwenye tope akiwa tayari na gia ya pili, mwendo mdogo usiobadilika, bila kubadilisha gia katikati. Nyuma ikianza kukimbilia kulia, anaachia mafuta taratibu na kugeuza usukani kulia pia, kidogo tu, halafu anaunyoosha gari likitulia. Kwenye mchanga laini, kupunguza upepo kunasaidia kwa sababu tairi inatanuka na kukanyaga eneo kubwa zaidi. Ila upepo urudishwe kabla ya kushika lami. Tairi legelege ikikimbizwa inapata moto na inaweza kupasuka.

Likikwama, tairi zisizungushwe tena. Wote tushuke, gari lipungue uzito. Tuondoe tope lililo mbele ya tairi, tulaze matawi, halafu dereva aanze polepole. Kwenye kusukuma ndipo watu wanapoumia: usisimame nyuma ya tairi inayozunguka, maana inarusha mawe, wala kati ya gari na mti. Gari likivutwa kwa kamba, kaa mbali. Kamba ikikatika inachapa kuliko fimbo.

Na maji yanayokatiza barabara? Hayo hayana ufundi. Maji ya kasi, hata yakiwa ya magotini tu, yanaweza kubeba gari dogo. Jamani, mkaguzi atasubiri na kipindi kitafidiwa. Dereva akisema tungoje maji yapungue, tumwache. Akitaka kuvuka, sisi tuliolipa nauli tuna haki ya kushuka.