Sodo pekee hazitoshi bila choo chenye mlango na maji

KAPKATET hakuna uhaba wa mvua. Mji huu wa Bureti, kaunti ya Kericho, umezungukwa na mashamba ya majanichai yanayostawi kwa mvua hiyo. Hata hivyo, maji yasipofika katika choo cha shule, msichana aliye katika hedhi hanufaiki na neema hiyo.

Mnamo Juni 2017, Rais Uhuru Kenyatta alitia sahihi marekebisho ya Sheria ya Elimu ya Msingi. Serikali ilitakiwa kumpa kila msichana aliyebaleghe katika shule ya umma sodo za kutosha bila malipo. Wengi wanaoitaja sheria hiyo huishia hapo. Husahau kwamba inadai pia njia salama ya kuzitupa, isiyodhuru mazingira.

Miaka miwili baadaye, Septemba 2019, msichana wa miaka 14 alijitoa uhai katika eneo jirani la Konoin, kaunti ya Bomet. Mamake alieleza kwamba ilikuwa hedhi yake ya kwanza na hakuwa na sodo. Sare ilipopata doa, alidai, mwalimu alimwita mchafu na kumtoa darasani. Wazazi waliandamana, polisi wakawatawanya kwa vitoa machozi.

Tuseme sodo zimefika. Sodo hubadilishwa kila baada ya saa chache, kwa hivyo msichana anayeshinda shuleni hana budi kubadilisha akiwa huko. Atahitaji mlango wenye komeo la ndani, maji, sabuni na pipa lenye kifuniko. Mwongozo wa kitaifa hupendekeza choo kimoja kwa wasichana 25, lakini choo kisicho na mlango hakifai kuhesabiwa.

Pasipo pipa, sodo hutumbukizwa chooni. Zina plastiki, haziozi. Shimo hujaa kabla ya wakati wake, na kulinyonya huwa shida. Kuzichoma uwanjani pamoja na makaratasi huacha mabaki na moshi mbaya. Linalofaa ni tanuri maalumu lenye joto kali, na mtu aliyekabidhiwa kazi hiyo. Asiwe mwanafunzi anayeadhibiwa!

Wapo wanaopendekeza vitambaa vya kufuliwa na kutumiwa tena. Ni nafuu kweli, ila huhitaji sabuni na jua. Katika nyanda hizi za baridi na ukungu nguo hukawia kukauka, na kitambaa kilichofichwa chini ya godoro kwa haya hubaki na unyevu unaolea viini.

Maji, kwa upande wake, yako juu ya darasa. Paa la mabati la mita 50 za mraba hupokea takriban lita 500 mvua ya milimita 10 inaponyesha. Ukiondoa yanayopotea, yaliyobaki yatanawisha wasichana wengi. Gharama ni mifereji, tangi na bomba, na bomba hilo lifike vyoo vya wasichana kabla ya kufika ofisi ya mwalimu mkuu.