Mvua na Upimaji wa Masalio ya Viuatilifu Vijitoni

Mkulima huiita "dawa" ile anayoinyunyizia shambani, na kwa upande wa mimea yake hakosei. Maandishi ya kitaalamu yamechagua neno viuatilifu, ambalo halifichi kazi ya kitu chenyewe. Sehemu ibakiayo baada ya kazi hiyo kwisha ndiyo masalio, na njia yake kuu ya kufikia kijito ni mvua: maji yatiririkayo juu ya ardhi huyachukua masalio hayo, mengine yakiwa yameyeyuka, mengine yameshikamana na chembe za udongo.

Jambo hili halina siri, lakini upimaji rasmi kwa miaka mingi haukulizingatia. Mwongozo wa Maji wa Umoja wa Ulaya, uliotolewa mwaka 2000, huagiza kwamba sumu zilizomo katika orodha ya kipaumbele zipimwe mara moja kwa mwezi. Mpimaji hufika kijitoni siku iliyopangwa, hujaza chupa, huenda zake. Lakini sumu inayoletwa na mvua kubwa hupita kwa muda mfupi, pengine saa chache tu. Kwa hiyo chupa ya kila mwezi aghalabu huonyesha maji ya siku kavu, na kijito huandikwa safi hali mabuu ya wadudu wake yamekwisha kufa.

Uchunguzi uliofanywa Ujerumani mwaka 2018 na 2019, ukiongozwa na kituo cha utafiti wa mazingira cha UFZ, Leipzig, ulilithibitisha hilo katika vijito zaidi ya 100. Mitambo ya kujiendesha iliwekwa ukingoni, ikachota maji kila yalipopanda baada ya mvua. Kati ya sampuli hizo, asilimia 59 zilizidi kiwango ambacho wenye kuidhinisha viuatilifu walikihesabu kuwa salama kwa viumbe wa majini. Kati ya zile zilizochotwa kwa ratiba, asilimia 26.

Yafaa pia kutenganisha viwango viwili ambavyo watu huvichanganya. Kwa maji ya kunywa, Ulaya hukubali mikrogramu 0,1 ya kila kiuatilifu katika lita moja, yaani gramu moja katika lita milioni 10. Kiwango hicho hakikuwekwa kwa ajili ya wadudu wa mtoni. Sipamethrini, kwa mfano, iliwekewa mwaka 2013 wastani wa mwaka usiozidi mikrogramu 0,00008 katika lita ya maji ya mito na maziwa, kiasi kilicho kidogo mara 1250. Maji yaweza basi kumfaa mnywaji na kumwangamiza mdudu.

Kupima wakati wa mvua kuna gharama yake. Sampuli sharti ziwekwe baridini na kufikishwa maabara upesi, maana dutu nyingine huvunjika njiani. Na zile zishikamanazo na matope, kama hiyo sipamethrini, hudai tope la chini lichukuliwe pia. Isitoshe, maabara hupata kile tu inachokitafuta. Pasipo daftari la mkulima lionyeshalo alinyunyizia nini na lini, mkemia huanza na orodha ya kubahatisha.