Miguu ya Mtoto Ikipinda

Katika nyumba nyingi za Temeke, mtoto akianza kusimama dede, majirani hutazama miguu yake kwanza. Wakiona imepinda, husema: huyu ana matege, na afungwe vitambaa. Twaona yafaa wazazi wajue kwanza mfupa ni kitu gani.

Wengi hudhani mfupa ni kama jiwe. Mwalimu na atwae mfupa wa paja la kuku, auweke katika siki siku kadha wa kadha. Madini yake yatayeyuka, nao utapindika kama mpira. Mwingine autie motoni hata uwe mweupe. Huo utavunjika kwa vidole. Basi mfupa mmoja una nyuzi zinyumbukazo na madini magumu, na kimoja bila chenziwe hakifai.

Mifupa mirefu hurefuka karibu na ncha zake, penye gegedu laini. Gegedu huongezeka, kisha hugeuka kuwa mfupa, hata baada ya balehe likaisha, na mtu harefuki tena.

Miguu ya mtoto mchanga kupinda kwa nje ni desturi, mpaka umri wa miaka miwili hivi. Kisha magoti hukaribiana, hasa mwaka wa tatu na wa nne, na karibu na mwaka wa saba miguu huwa imenyoka yenyewe. Hivyo aliyefunga vitambaa husifiwa kwa kazi iliyofanywa na mwili!

Walakini yako matege ya ugonjwa. Mwili hupokea kalsiamu ya chakula kwa msaada wa vitamini D, ambayo ngozi huifanya ipigwapo na jua. Pwani yetu ina jua tele. Lakini mtoto afungiwaye chumbani kutwa halipati, na ngozi nyeusi yahitaji muda zaidi kuliko nyeupe. Tena uji mtupu hautoshi: apewe maziwa, na dagaa waliopondwa pamoja na mifupa yao.

Kupinda kukizidi baada ya miaka miwili, au mguu mmoja ukapita mwenziwe, au vifundo vya mikono vikivimba, mtoto apelekwe Hospitali ya Temeke. Ikihitajika, daktari atamtuma Muhimbili, kwenye Taasisi ya Mifupa, MOI, iliyoanzishwa mwaka 1996. Wasikawie, kwani mfupa ungali ukikua mara nyingi hunyoka kwa dawa na chakula. Ukiisha kukomaa, pengine hubaki kupasuliwa tu.