Bonsai: Baina ya Maumbile na Mkono wa Msanii

Neno bonsai ni la Kijapani, nalo lina maana ya mmea uliopandwa katika chombo kisicho na kina kirefu. Sanaa hii ilianzia China, ikaingia Japani zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na huko ndiko ilikopata jina linalojulikana leo ulimwenguni. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi inavyofanywa, na kujibu swali linaloulizwa mara kwa mara: je, kuufanya mti ubaki mdogo si kuutesa?

Kwanza, bonsai si aina ya miti mbilikimo. Miti inayotumiwa ni ya kawaida, kama vile msonobari au miti ya jamii ya mkuyu. Ukihamishiwa ardhini, mti huo huendelea kukua kama wenzake. Kinachoudhibiti ni kazi ya mikono: matawi hupogolewa, mizizi hupunguzwa kila baada ya miaka kadhaa na udongo kubadilishwa, na tawi huzungushiwa waya wa shaba au alumini ili lipinde taratibu.

Hata hivyo, msanii hana uhuru wa kufanya apendavyo. Akikata mizizi kupita kiasi, mti hufa. Akichelewa kuondoa waya, gome huota juu yake na kovu hubaki. Kwa upande mwingine, akiuacha mti ujikulie, matawi ya juu huyanyima nguvu yale ya chini, na umbo hupotea. Hivyo basi, huanza kwa kuutazama mti: shina limeinamia wapi, tawi gani lina nguvu? Hata mitindo mashuhuri imeigwa kutoka kwenye maumbile. Kengai ni mti unaoning'inia kama ulioota ukingoni mwa genge, na fukinagashi ni mti uliolazwa na upepo wa upande mmoja.

Sisi tunaofundisha ushairi hatuoni ugeni hapa. Vina na mizani humbana mtunzi, lakini anayelazimisha neno ili apate kina huliharibu shairi. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Tofauti ni kwamba samaki hukunjwa mara moja, ilhali bonsai hukunjwa maisha yake yote, kwa kuwa haiachi kukua.

Mfano mzuri ni msonobari wa familia ya Yamaki wa Hiroshima, ulioanza kutunzwa kama bonsai mwaka 1625. Bomu la atomiki lilipoangushwa tarehe 6 Agosti 1945, mti huo ulikuwa umbali wa kilomita 3 hivi, ukakingwa na ukuta wa kitalu. Mwaka 1976 Masaru Yamaki aliutoa zawadi kwa Marekani, nchi iliyoangusha bomu hilo. Unatunzwa Washington, na wahifadhi wake walifahamu habari za bomu mwaka 2001 tu, wajukuu wa Yamaki walipokwenda kuuona.

Kwa maoni yetu, ukataji wa pupa ni mateso kweli. Lakini mti ulioteswa hauishi karne nne chomboni. Umeishi kwa sababu kila kizazi kiliupogoa kwa kufuata ulivyokua, kisha kikamkabidhi mwingine mkasi na ndoo ya maji.