Gari la umeme ni "safi zaidi", lakini kuliko lipi?

KOLWEZI. Matangazo ya magari ya umeme hayachoki kutumia neno moja la Kiingereza, "cleaner", yaani safi zaidi. Kobalti nyingi ya betri duniani inatoka Kongo, na Kolwezi, mji mkuu wa mkoa wa Lualaba, ndio kitovu chake. Mkazi wa hapa ana haki ya kuuliza: safi kuliko nini?

Swali hilo ni la sarufi kwanza. Kivumishi cha Kiingereza kikiongezewa "-er" huwa cha kulinganisha, na kulinganisha kunataka vitu viwili. Cha pili hutajwa baada ya "than", lakini msemaji anaweza kukiacha, na wauza magari hukiacha. Kwa Kiswahili, "zaidi" nayo inaruhusu ujanja huo. "Kuliko" hairuhusu: ukiitamka, sharti umalize. Hapa Katanga kazi hiyo hufanywa na "kupita": hii mayi ni safi kupita ile.

Tangazo likikamilishwa, linasema kweli: gari la umeme halitoi moshi barabarani kama la petroli. Anayepumua hewa hiyo nzuri yuko kwenye miji linakoendeshwa.

Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba kobalti hadi chini ya nyumba zao, kuna ulinganisho mwingine. Watafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo yao mwaka 2018: mkojo wa watoto wa mtaani humo ulikuwa na kobalti takriban mara 10 ya ile ya watoto wa eneo lisilo na machimbo. Vumbi lilitajwa kuwa njia kuu. Hapo pande zote mbili zimetajwa, na nani aliye safi zaidi kunajulikana.

Neno lenyewe lina maana ya pili. "Cleaner" pia ni mtu anayesafisha. Ripoti ya Amnesty International na Afrewatch ya Januari 2016 ilieleza wanawake na watoto wanaoosha na kuchambua mawe ya kobalti majini, watoto wakipata dola 1 hadi 2 kwa siku. Matangazo yakisema "cleaner", hawa hawamo.